Mbwa anayechafua nyumba: kosa ni la nani?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaske, viatu vya kazi, vumbi ya mawe na malaria. Leo nitasema juu ya mavi ya mbwa. Usicheke, na usigeuze ukurasa. Kazi yangu katika dispanseri ni kutazama miguu, matumbo na macho ya watoto wa kampi, na mambo ninayoyaona pale hayachekeshi.

Asubuhi moja, wakati wa mvua, mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka mine. Mtoto alikuwa halali tena usiku kwa ajili ya kujikuna. Chini ya mguu wake niliona mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, unaokwenda kwa kupinda-pinda. Mama aliniambia: « Munganga, juzi uzi huu ulikuwa hapa kwenye kisigino. Leo umefika hapa katikati. Unatembea. » Nyumbani walidhani ni mwiba, wakachokoa kwa sindano. Kisha nyanya yake akapaka petroli. Mguu ukaungua, na uzi ukaendelea kutembea.

Ule haukuwa mwiba, wala haukuwa uchawi. Ulikuwa mtoto wa mnyoo wa mbwa. Minyoo hii inakaa ndani ya utumbo wa mbwa, na mayai yake yanatoka pamoja na mavi. Katika udongo wenye joto na maji kidogo, mayai yanapasuka kwa siku moja au mbili, na baada ya siku kama saba vijidudu vyake viko tayari kupita katika ngozi ya mguu usio na kiatu. Kwa mtu havijui njia ya kufika tumboni. Vinapotea chini ya ngozi, vinatembea polepole kila siku, na mtu anajikuna hata kutoka damu. Dawa iko, na mtoto yule alipona. Lakini dawa ni ya kutolewa na munganga. Petroli si dawa, wala maji ya batri, wala kisu cha moto.

Nilimwuliza mama: « Mtoto anachezea wapi? » Akajibu: « Kwenye mchanga ulio karibu na ukuta, ule uliobaki walipotengeneza nyumba. » « Na nani mwingine anaufikia mchanga huo? » Hapo mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: « Mbwa wa jirani. Kila asubuhi. »

Unaweza kujua mwenyewe jambo lililofuata. Jioni ile baba wa mtoto alikwenda kwa jirani, na maneno makali yalisikika mpaka mwisho wa avenue. Wanaume wawili wanaofanya kazi katika ekipe moja, wanaoshuka pamoja na kupanda pamoja, hawakusalimiana tena. Siku chache baadaye watu wa avenue walikusanyika. Mmoja akasema: « Mbwa wote watiwe sumu. » Mwingine akasema: « Mbwa ni mbwa, hana akili. Tutafanya nini? »

Mimi sikubali neno la kwanza, wala la pili. Nataka kukuambia sababu, na kwanza nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita wezi waliingia katika lupango yetu usiku, wakachukua sufuria na nguo zilizokuwa kwenye kamba. Nikaleta mbwa mdogo wa miezi miwili, nikamwita Vumilia. Siku ya kwanza alikojoa katikati ya nyumba. Nilimshika shingo, nikasukuma pua yake katika mkojo, nikampiga kwa kiatu, nikamtupa nje. Hivyo ndivyo nilivyoona watu wakifanya tangu utoto wangu. Siku ya pili akafanya tena. Nikapiga tena. Siku ya tano sikuona kitu. Nikafurahi, nikamwambia bibi yangu: « Unaona? Sasa amejua. »

Kweli Vumilia alikuwa amejua kitu. Alijua kwamba Baba ni mtu wa hatari, na kwamba haifai kukojoa mbele ya macho yake. Basi alikuwa anakwenda kujificha chini ya kitanda cha watoto. Tulijua kwa harufu, baada ya siku nyingi. Binti yetu mdogo alikuwa akitambaa palepale, mikono chini, na kisha mikono kinywani. Mimi, mtu wa dispanseri, mtu wa kufundisha wengine usafi!

Bibi yangu hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: « Baba, unampiga kwa sababu hakwenda mahali pake. Mahali pake ni wapi? Ulimwonyesha siku gani? »

Sikuwa na jibu. Na wewe, ndugu msomaji, ungejibu nini?

Fikiri juu ya kazi yetu. Mfanyakazi mpya akifika, hatumsukumi mbele ya mashine bila kumwonyesha namna ya kuiwasha na kuizima. Ajali ikitokea, mtu wa usalama haanzi kwa kumpiga aliyeumia. Anauliza: alifundishwa? Alama ilikuwapo? Njia ilikuwa wazi? Masaa ya kazi yalikuwa namna gani? Anatafuta sababu, kwa maana sababu ikibaki, ajali itarudi. Basi mavi ndani ya nyumba, au katika mchanga wa watoto wa jirani, nayo ni ajali ya nyumbani. Mbwa ni yule mfanyakazi mpya. Kapita wake ni wewe.

Tangu siku ile bibi yangu alishika kazi ya kumfundisha Vumilia, na mimi nikawa mwanafunzi wake. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na sababu zake, kwa maana mtu anayejua sababu hasahau upesi.

Jambo la kwanza ni masaa. Mbwa mdogo hana nguvu ya kuzuia mkojo. Mbwa wa miezi miwili anaweza kuzuia kwa masaa mawili hivi, au matatu, hapana zaidi. Ukimfungia ndani tangu asubuhi mpaka jioni, usimwite mchafu: umemwomba jambo ambalo mwili wake hauwezi. Tena, chakula kikiingia tumboni, utumbo unaamka na kusukuma kilichokuwa ndani. Ni vilevile kwa mtoto mchanga, kila mama anajua. Ndiyo maana mbwa mdogo anatolewa nje mara anapoamka, kila anapokwisha kula, kila anapokwisha kucheza, na mara ya mwisho kabla watu hawajalala. Katika majuma ya kwanza anatolewa hata mara moja katikati ya usiku.

Kwa hiyo mpe chakula kwa saa yake. Mbwa anayetupiwa bukari kidogo-kidogo mchana wote atakwenda choo mchana wote, na hutajua saa gani. Mbwa anayekula kwa saa moja kila siku anakuwa kama sisi tunaoishi kwa sirene: mwili wake wenyewe unashika saa.

Jambo la pili ni mahali. Chagua pembe moja ya lupango, mbali na jiko, mbali na mboga, mbali na kisima, na mbali na mahali watoto wanapocheza. Mpeleke pale kwa kamba, mara zote kwa njia moja. Simama, nyamaza, ngoja. Usicheze naye kwanza. Mbwa anafuata pua yake: pale anaposikia harufu ya mkojo wake wa jana, pale atataka kukojoa leo. Harufu hiyo itakusaidia nje, na itakushinda ndani usipoiondoa.

Jambo la tatu ni sifa. Akimaliza pale nje, msifu palepale, kwa sauti ya furaha, na umpe kitu kidogo: kipande cha bukari, au kichwa cha ndakala. Usingoje kurudi ndani ya nyumba ndipo umpe, kwa maana atadhani unamlipa kwa kurudi. Mbwa anaunganisha malipo na kitendo alichofanya sasa hivi tu. Na adhabu ni vilevile. Ukirudi kutoka posti na kukuta mavi ya asubuhi, ukampiga jioni, yeye hajui kabisa unampigia nini. Anajua tu kwamba ukifungua mlango, kuna maumivu. Watu wanasema: « Tazama anavyoinamisha kichwa, anajua kosa lake. » Hapana. Anajua kiatu chako.

Ukimkuta katikati ya tendo ndani ya nyumba, piga makofi ya mikono mara moja, mchukue upesi nje mpaka pembe yake, na akimalizia huko, msifu. Basi, imekwisha. Jifunze pia kumtazama: mbwa anayetaka kwenda nje ananusa chini, anazunguka-zunguka, anaacha mchezo na kuelekea nyuma ya mlango au ya kabati. Hiyo ni alama ya hatari, kama taa nyekundu kwenye mashine. Usingoje ya pili.

Jambo la nne ni kuosha. Mkojo ndani ya nyumba ufutwe kwanza kwa kitambaa, kisha mahali paoshwe kwa maji mengi na sabuni. Siki iliyotiwa maji inasaidia kuondoa harufu. Lakini hapa ninasema kama mtu wa usalama: usichanganye kamwe Javel na siki. Inatoka gazi ya klore, inayokaba koo na kuumiza mapafu, na vyumba vyetu ni vidogo. Wala usimwage Javel juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwa maana hapo pia inatoka gazi mbaya.

Sisi tulifanya hivyo kwa majuma kama sita. Yalikuwako makosa, na zaidi yalikuwa makosa yetu: siku moja nilisahau saa, siku nyingine mtoto aliacha mlango wazi. Lakini Vumilia alipofika miezi mitano alikuwa akienda mwenyewe kwenye mlango, anakwaruza kidogo, anangoja. Sikumpiga tena hata mara moja.

Sasa nirudi kwa mchanga wa yule mtoto. Kumfundisha mbwa kutochafua nyumba hakutoshi. Watu wengi wanafikiri kazi imekwisha mbwa akitoka nje. Wanafungua mlango asubuhi, mbwa anakimbia, anarudi amefanya, nyumba yao ni safi. Alifanya wapi? Kwa jirani. Hiyo si kufundisha mbwa, ni kuhamisha uchafu kutoka lupango moja mpaka nyingine. Kama mtu angemwaga takataka zake mlangoni pako, ungekaa kimya?

Kuna mnyoo wa pili ambao lazima uujue. Ni mrefu na mweupe, unafanana na zile nyoka za tumbo za watoto wetu. Mbwa wadogo wengi wanazaliwa nao, kwa maana unapita kutoka kwa mama yao wakiwa bado tumboni. Mnyoo mmoja mke unatoa makumi ya maelfu ya mayai kila siku. Mayai haya hayapiti katika ngozi. Yanaingia kwa kinywa: mtoto anashika udongo, kisha anashika mkate. Ndani ya mwili wa mtu vijidudu vyake vinazunguka, vinafika kwenye maini, kwenye mapafu, na mara nyingine ndani ya jicho. Mtoto anaweza kupoteza nuru ya jicho kwa ajili ya mavi ambayo mtu hakutaka kuinama kuyaokota.

Lakini sikia sasa neno la kutupa moyo. Mavi yakiwa mapya, mayai hayo hayana nguvu bado. Yanahitaji kukaa katika udongo majuma mawili au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Na wale wa mguuni wanahitaji siku kama saba. Maana yake, yule anayeokota mavi kila siku amekata njia ya minyoo yote miwili kabla haijaanza kuwa hatari. Yule anayeyaacha, mvua inakuja, inayasambaza, hutayaona tena kwa macho, lakini mayai ya mnyoo ule mrefu yanaweza kukaa hai katika udongo miaka mingi. Kazi ya dakika tano kila asubuhi, au hatari ya miaka: chagua.

Namna ya kuokota si ngumu. Kamata jembe na kipande cha bati. Tupa mavi katika shimo la choo, au katika shimo lake lenye kina cha nusu metre, mbali na kisima, na kila mara funika kwa udongo. Usiyatie katika shamba la mboga kama mbolea. Mavi ya mbwa si samadi ya ng'ombe. Kisha osha mikono kwa sabuni. Kazi hii ifanywe na mtu mkubwa, isiachwe kwa watoto. Mchanga wa kuchezea ufunikwe kwa bati au turubai usiku, na watoto wavae viatu. Mbwa mwenyewe apewe dawa ya minyoo: kwa wadogo inaanza wakiwa na majuma mawili, na inarudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka wanapoachishwa maziwa, kisha kama veterinari atakavyosema.

Ninajua maneno utakayonijibu, kwa maana nimeyasikia kwenye avenue yetu.

Utasema: « Wababu zetu walikuwa na mbwa, hawakuwafunga kamba wala kuwachagulia choo. » Ni kweli. Lakini wababu zetu hawakukaa nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta, kama sisi. Mbwa wa kijiji alikuwa na pori nzima nyuma ya nyumba. Mbwa wa kampi ana metre chache, na metre hizo ni za watoto pia.

Utasema: « Mimi niko posti ya usiku, sina wakati. » Nami vilevile nilikuwa na zamu ya usiku katika dispanseri. Gawanyeni kazi katika nyumba. Mkubwa anayetoka kwenda kazini amtoe mbwa kabla ya kuondoka. Mama au kijana mkubwa amtoe baada ya chakula cha mchana. Anayelala wa mwisho amtoe usiku. Kama katika nyumba yako hakuna mtu hata mmoja wa kufanya hivyo, basi maoni yangu ni wazi: usilete mbwa. Heshimu nyumba yako na uheshimu mnyama.

Utasema: « Usafi wa kampi ni kazi ya kompani. » Sehemu moja ni kweli, na sehemu hiyo sitaificha. Kokoto na mchanga unaobaki baada ya kutengeneza nyumba uondolewe upesi, usiachwe mwaka mzima. Katika kila kartie pachaguliwe mahali pa kutupa, penye shimo na kifuniko. Ninawaomba wakubwa wa kampi walitazame jambo hili, kwa maana haifai kumwambia mtu « okota » bila kumwonyesha pa kutupa. Hilo nalo ni kosa lilelile la kupiga bila kufundisha. Lakini kompani haikuleta mbwa wako. Wewe ulimleta.

Na kwa wale wanaosema juu ya sumu: mmefikiri nani ataiokota kwanza? Nyama yenye sumu iliyotupwa kwenye avenue haichagui. Kuku wanaipata, na watoto wanaipata. Tena, mbwa wakiuawa leo, wengine watakuja kesho kutoka kartie nyingine, bila chanjo, na hapo tutaogopa kichaa cha mbwa. Mbwa anayekaa katika lupango yake, anayetoka kwa kamba na kurudi kwa kamba, aliyepigwa chanjo kila inapotakiwa, ndiye ulinzi wetu. Na mbwa yeyote akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha njoo dispanseri siku ileile. Usingoje kuona kama utaugua.

Ndugu msomaji, sikukuandikia haya ili nikuhukumu. Nilikwisha kukuambia ni nani aliyesukuma pua ya mbwa katika mkojo, na binti wa nani alitambaa chini ya kitanda kile. Tulimpima binti yetu, tukampa dawa, na leo yu mzima. Lakini siku zile za kungoja majibu nilizihesabu moja moja.

Wale wanaume wawili wa avenue wamerudi kusalimiana. Si kwa hotuba ya mtu. Siku moja mwenye mbwa alichukua jembe, akaingia katika lupango ya jirani kwa ruhusa, akatoa mchanga wote kwa kigari, akaupeleka mbali. Siku iliyofuata alifunga kamba kwa mbwa wake, akachimba shimo katika pembe yake mwenyewe. Hakusema neno. Jirani alimtazama kwa muda, kisha akamletea ndoo ya maji aoshe mikono.

Kesho asubuhi, kabla ya sirene, fungua mlango wako na umfuate mbwa wako. Tazama anakwenda wapi. Kama anakwenda pembe yake, umsifu. Kama anakwenda kwa jirani, usikamate kiatu. Kamata kamba, na uanze kumfundisha.